Maji ya Kipindi cha Ijumaa

Ijumaa ya pili ya mwezi wa Septemba, mwaka 1976, Mwanahawa binti Hassani alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake akichambua kunde. Redio yake ya mawe manne ya betri ilikuwa juu ya kinu kilichofudikizwa. Saa kumi na moja jioni kilianza kipindi cha wakulima. Mtangazaji, Kornelio Shembilu, alisalimu kwa Kishambaa kama ilivyokuwa desturi yake, "Onga mshi," kisha akaanza kueleza asubuhi moja ya Kwemtindi, kule juu milimani: jinsi chemchemi inavyotoka chini ya jiwe, ikapita kwenye kangaga, ikateremka hadi kwenye magimbi.

Alipofika kwenye magimbi, redio ilianza kudondosha maji.

Mwanahawa alidhani mawe yamevuja. Alifungua mgongo wa redio akayakuta makavu. Maji yalikuwa yakitoka mbele, kwenye vitundu vya spika, kwanza matone, kisha mkondo mwembamba kama wa birika. Alikinga kiganja, akaonja. Yalikuwa ya baridi, na ladha yake ilikuwa ile ya chemchemi iliyokuwa nyuma ya nyumba yake ya zamani. Akaweka ungo kando, akaleta karai. Kipindi kilipokwisha na taarifa ya habari kuanza, maji yalikatika. Alikuwa amepata karai moja na sufuria mbili. Akabandika kunde jikoni.

Kijiji chake kiliitwa Kwemtindi Mpya. Kilikuwa tambarare, nusu siku kwa miguu kutoka Magoma, mahali ambapo mtu huiona mvua ikinyesha milimani wakati yeye anakohoa vumbi. Kaya mia na ishirini zilihamishiwa hapo kutoka Kwemtindi ya juu mwaka 1974, na aliyezihamisha ni Kornelio huyohuyo.

Watu wa Usambara hawakuwa na neno moja juu ya Kornelio. Alikuwa mwana wa mwinjilisti wa Kilutheri wa Mlola, na kabla ya uhuru aliacha kufundisha kwaya akaingia kwenye siasa. Mkutano wake wa kwanza aliujaza kwa kuwaendea Walutheri na kuwaambia kwamba Waislamu wameandaa kaswida nzuri mno, halafu akawaendea Waislamu na kuwasifia kwaya ya Walutheri. Pande zote mbili zilikuja kushindana. Zilipomaliza kuimba zilikuwa zimekwisha kuchukua kadi za chama. Wakati ule mkoloni alikuwa akiwalazimisha watu kuchimba matuta kwenye miteremko, na Kornelio alipanda kila kilima akisema kwamba matuta yataondoka na bendera. Baada ya uhuru alipanda vilima vilevile kuwaambia wachimbe matuta. Walichimba, na wengine walichimba wakiimba. Alikuwa na sauti ya namna hiyo.

Mwaka wa operesheni ya vijiji alikuwa mwenezi wa chama. Alipanda Kwemtindi na malori matatu, akasimama juu ya moja na kuwaambia watu kwamba huko waendako kuna bomba. "Mtalikuta linawasubiri," alisema. Wengi waliingia kwenye lori kwa miguu yao. Mwanahawa, aliyekuwa mjane na mwenye miaka sitini hivi, alisema ana chungu jikoni na hawezi kukiacha. Kornelio aliamuru nyumba yake iezuliwe bati. Iliezuliwa yeye akiwa ndani anapika, mvua ikanyesha ndani ya chungu, naye akapanda lori akiwa amekipakata.

Bomba hawakulikuta.

Mwaka uliofuata Kornelio aliondolewa ofisini. Ilikuwa imegundulika kwamba zahanati moja alikuwa ameiahidi vijiji vinne, na vyote vinne vilikuwa vimekwisha kusafisha kiwanja. Wakubwa wake walijadiliana, wakaona si vizuri sauti kama ile izurure mitaani bila kazi, wakampeleka Dar es Salaam kwenye redio. Haukupita mwaka nchi nzima ikawa inamjua. Vinyozi walimwigiza. Kuna kanga ilitoka na maneno yake. Milimani, waliompenda walinunua redio kwa ajili yake, na waliomchukia walinunua pia, ili wamjibu.

Mwanahawa alikuwa amejifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima. Baada ya majuma mawili alimwandikia barua kwa herufi kubwa:

"Ndugu Mtangazaji. Maji yako yamefika. Ijumaa iliyopita ulisema dakika nane, tukapata ndoo kumi na moja, maana sasa kila nyumba yenye redio inakinga. Tunaomba useme zaidi. Ile barua ya bwana shamba kuhusu mbolea usiisome, ilitoa matope. Wako katika ujenzi wa taifa, Mwanahawa H."

Kornelio aliisoma mara mbili, kisha akampa Rubeni, fundi mitambo wake. Rubeni aliuliza kama antena ikaguliwe. Kornelio alisema antena haina kosa. Ijumaa iliyofuata aliiweka kando barua ya bwana shamba, akaizungumzia Kwemtindi kwa dakika ishirini.

Tangu hapo Ijumaa ikawa siku ya siku kule tambarare. Wanaume walitoka msikitini wakaenda kufuta redio vumbi. Walutheri wachache waliokuwapo walihamishia mazoezi ya kwaya Alhamisi. Ndoa zilifungwa Ijumaa alasiri ili wageni wapate kunawa. Asiye na redio aliweka ndoo yake kwa jirani, na hakuna aliyefukuzwa. Iligundulika kwamba ukubwa wa chombo nao una maana: redio ya mbao ya Athumani, fundi cherehani, ilimwaga maji kama bomba la mjini, na watoto walioga chini yake wakiwa wamepanga foleni. Kornelio akicheka, maji yalitoka na mapovu. Akikohoa, yaliruka hadi ukutani, na mke wa Athumani alijifunza kuondoa vitambaa mapema.

Mwezi wa Novemba, wakati mbuzi wa vijiji jirani walikuwa wakila makaratasi, Kwemtindi Mpya ilikuwa na kabichi. Mchuuzi kutoka Magoma alikuja akauliza wanamwagilia kwa maji gani. Walimwambia. Akasema kweli kabichi ni nzuri, akajaza magunia yake. Huko Magoma watu walijaribu redio zao, lakini hazikutoa hata unyevu. Wao Kornelio hakuwa amewaahidi kitu.

Kufikia Desemba maji yalipungua. Kornelio alikuwa amefika Kwemtindi mara tatu tu maishani mwake, na yote aliyoyaona alikuwa ameyasema: chemchemi, magimbi, ukungu, mipeasi iliyoinamia njia. Alipoona yamemwishia aliongeza maporomoko, akayapamba kwa upinde wa mvua. Jioni ile redio zote za kijiji zilitoa vumbi. Barua ya pili ya Mwanahawa ilikuwa fupi.

"Kwemtindi hakuna maporomoko. Njoo."

Alikwenda Januari, kwa basi hadi Magoma, kisha kwa miguu, na rekoda begani. Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika, si kwa ajili yake hasa, bali kuona Mwanahawa atafanya nini.

"Shikamoo, mama," Kornelio alisema.

Mwanahawa alimaliza kwanza kumwagia mche wake wa kabichi.

"Marahaba. Umechelewa. Keti."

Aliketi, na kwa siku tatu wakamweleza Kwemtindi. Walimwambia nani alipanda mpeasi upi na kwa ugomvi gani, njia ipi huteleza mwezi wa nne, mahali ambapo nyuki walihamia mwaka wa njaa, makaburi ya nani yako upande wa jua. Wazee wawili waligombana juu ya rangi ya ng'ombe aliyekufa zamani, na Kornelio alirekodi rangi zote mbili. Walipokumbuka vichekesho walicheka hadi wakashikana mabega. Alikula kwao, alilala kwa Athumani, na siku ya tatu alimuuliza Mwanahawa kama kuna kilichobaki.

"Imebaki siku ya bati," alisema Mwanahawa. "Hiyo huna haja ya kuuliza. Ulikuwepo."

Kornelio alisema kwamba habari kama ile haiwezi kupita redioni, wakubwa hawataikubali.

"Basi sema utakayoweza," Mwanahawa alimjibu. "Nasi tutakinga tutakachopata."

Njia nzima ya kurudi Dar es Salaam aliishika rekoda mapajani. Alikuwa amesema mambo mengi sana katika maisha yake, na alipoyapitia kichwani hakuona hata moja ambalo lilimgharimu chochote. Jambo hilo lilimuudhi kuliko alivyotazamia.

Ijumaa ile karatasi iliyopitishwa na wakubwa ilihusu minyoo ya kuku. Kornelio aliilaza kifudifudi juu ya meza. Alisema onga mshi, kisha akaeleza siku ya malori. Alitaja idadi ya bati. Alisema mvua ilikuwa kubwa kiasi gani na ndani ya chungu kulikuwa na nini, na kwamba mwenye chungu hakulia. Kisha akasema, "Niliwaambia kuna bomba. Siku ile nilijua hakuna. Hata mtaro wake ulikuwa haujapimwa." Baada ya hapo maneno yalikuja bila kusukumwa, na alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni mwisho wa mteremko. Mkono wa Rubeni ulikuwa juu ya swichi. Hakuizima.

Kule tambarare redio hazikungoja hata neno la bomba. Lilipotajwa bati la kwanza, maji yalitoka kwa kishindo, yakaisukuma redio ya Athumani kutoka mezani hadi mlangoni, nayo ikaendelea kusema na kumwaga. Ndoo zilijaa, mapipa yalijaa, mashimo yaliyochimbwa kwa ajili ya migomba yalijaa, hata kofia zilijaa. Korongo kavu lililo nyuma ya shule lilianza kutiririka, likabeba majani ya kangaga, kaa wadogo wa milimani, na peasi moja bichi ambayo watoto waliigawana. Watu waliingia majini na nguo zao. Waislamu walipiga matari, Walutheri wakapata sauti ya tatu ya kwaya yao, na hakuna aliyemshinda mwenziwe. Mwanahawa aliketi katikati ya mkondo na kanga yake ikielea kumzunguka, akabaki hapo anacheka, na mtu aliyekuja kumwinua aliambiwa aketi naye.

Jumatatu Kornelio aliitwa na wakubwa. Alikwenda akiwa amevaa suti yake nzuri, kwa kudhani anafukuzwa. Lakini posta ilikuwa imeleta magunia ya barua kutoka mikoa yote, kila kijiji kikiomba nacho kisimuliwe. Wakubwa walimwongezea muda, kipindi kikawa cha saa nzima, wakamtaka asitaje malori tena. Milimani watu waligawanyika upya. Kuna waliosema ametubu, kuna waliosema ni mwanasiasa tu aliyegundua namna nyingine ya kushangiliwa. Mjadala huo uliendelea kwa miaka, hasa kwa vinyozi.

Kwemtindi Mpya iliandika barua serikalini kuomba kurudi juu. Baada ya miezi mitatu alikuja bwana maji na gari la serikali, akiwa na ndoo yenye alama za kipimo. Alingoja Ijumaa, akaiweka ndoo chini ya redio ya Athumani, akatazama saa yake, akaandika. Alionja, akasema ni maji safi kuliko ya nyumbani kwake. Walimjazia dumu la kuondoka nalo, akashukuru. Kisha jibu likaja: kijiji kimefutwa kwenye mpango wa bomba kwa kuwa kina chanzo cha kudumu. Kuhusu kurudi, ardhi ya Kwemtindi ilikuwa sasa shamba la mkubwa mmoja, aliyejenga karibu na chemchemi, na tena kabichi zimethibitisha kwamba uhamisho ulikuwa wa manufaa. Wageni walianza kuletwa kuzitazama.

Kornelio alipanda mwenyewe hadi kwa mkubwa yule. Alipokelewa vizuri, akapewa chai ya maziwa. Aliongea kwa muda mrefu, kwa sauti yake yote. Mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, kwa kuwa alikuwa mpenzi wa kipindi chake.

"Lakini, Ndugu Kornelio," alisema, "si wewe uliyewaambia watapata maji? Wamepata."

Kornelio aliteremka tambarare siku ileile. Ilikuwa Ijumaa, na kipindi alikuwa ameacha kimerekodiwa. Alimkuta Mwanahawa anapanga vyombo, akamweleza jibu alilopewa. Mwanahawa alisikiliza, akaguna, akaendelea kupanga. Kornelio alisimama hapo kama aliyesahau kilichomleta, kisha akamuuliza kama amekwisha kumsamehe.

"Maji yako nayanywa," alisema Mwanahawa. "Ni matamu, na Mungu akubariki kwa hayo. Shamba langu liko kule juu, na analilima mtu mwingine."

Alisema bila hasira, kama anayemwelekeza mgeni njia. Watoto walikuwa wakija na ndoo mbiombio, wakisukumana na kucheka, na kwa Athumani matari yalikuwa yakipashwa moto. Saa kumi na moja ilipotimu, redio ilisema onga mshi kwa sauti ya Kornelio, na Kornelio, aliyekuwa karibu zaidi, akashika ndoo na kuikinga. Maji yalimrukia suti. Alijisikiliza akieleza kwamba kule juu mipeasi imeanza kutoa maua.

"Imejaa hiyo," Mwanahawa alimwambia. "Leta nyingine."