Munakula Bangapi?

Nyota kumi na saba zilijipanga kando ya majina kwenye karatasi ndefu iliyotoka mashineni, na Ngeleka akazifurahia. Kwake kila nyota ilikuwa mtoto wa uongo. Kampuni ilimwagiza awanase wafanyakazi wanaojiandikia watoto hewa ili waongezewe posho ya unga. Naye, mtaalamu wa kompyuta mwenye diploma ya Kinshasa, akapata dawa: mama mmoja hazai mara mbili ndani ya miezi mitano. Programu ikafuta kila jina lililovunja hesabu hiyo. Lo, akili hizo! Nani angebisha?

Mukalay alibisha. Mzee huyo, mpimaji wa unga ghalani, alipanda ngazi mara mbili akagonga kioo cha chumba cha mashine. Mara zote mbili Ngeleka alimwashiria bila kuinuka: lete barua. Kifaransa cha barua Mukalay hakuwa nacho. Akashuka.

Mwezi wa tatu tangu nyota zile, mke wa Ngeleka aliugua, ikambidi afuate posho mwenyewe. Mbele yake kwenye foleni alisimama mchimbaji wa mgodi wa Mashamba, mfuko wake umejaa nusu. Mukalay alimwita kwa jina, na Ngeleka akalikumbuka.

"Kumbe Mwenze wa nyota mbili ndiye wewe," alisema kwa kejeli. "Watoto wale uliwatoa wapi?"

"Ni ba marehemu ndugu yangu, tata. Ndugu akikufa, batoto bake ni bangu. Mi sikudanganya mutu."

Jambo hilo Ngeleka alilijua tangu utotoni. Hakuwahi kulipandisha naye ngazi hadi chumba cha mashine.

"Nitawarudisha," alisema haraka. "Kesho asubuhi. Ni mistari mitatu tu ya programu."

"Bamekwisha kwenda. Unga haukutosha, nikabapakia mu treni ya Kasai, kwa nyanya yao kipofu. Mbelu, ule mudogo, alishika mulango. Nikamubandua kidole kimoja kimoja."

Mwenze akaubeba mfuko wake, akaenda zake bila kuaga.

"Na wewe ulikulia kwa baba yako mudogo," Mukalay alisema polepole. "Unga wako mi ndiye nilipima, hapa hapa."

Aibu ilimchoma Ngeleka mpaka masikioni. Alitaka kusema kwamba hakuna aliyemweleza, lakini alikikumbuka kile kioo.

Mukalay alichota unga, akauliza kama alivyomuuliza kila mtu kwa miaka ishirini:

"Kwenu munakula bangapi?"

Ngeleka alishika mfuko wazi. Nyuma yake foleni ilisubiri ajibu.