Swali la Tisa

Mimi mdaku, sikatai. Miaka ishirini na sita ya uuguzi katika chumba cha upasuaji imenizoesha kuuliza watu maswali, na wala sichoki. Ndiyo maana matroni alipotafuta mtu wa kujaza fomu za jeshi, hakuhangaika, alinikabidhi mimi.

Wiki ile redio haikuwa na habari nyingine. Waganga wa jeshi hawatoshi, sasa je, madaktari na wauguzi wa kiraia waitwe, watake wasitake? Sheria ilikuwa bado inajadiliwa. Fomu zetu zilitaka hasa kujua nani ana ujuzi gani, maswali tisa kwa kila mtu, kila swali na kisanduku chake. Niliomba kitu kimoja moyoni: wamchukue wanayemtaka, ila mdogo wangu waniachie.

Basi nikapita kwa wenzangu, na haki ya nani nilifaidi. Daktari mpasuaji alitaka kujua kama huko jeshini umeme haukatiki. Muuguzi mwenzangu aliuliza kama viatu vyao vipo vya saizi thelathini na tano, nami nikataka kujua miguu hiyo midogo kairithi kwa nani. Mfamasia alilicheka swali la tisa, lile la kama uko tayari kwenda bila kusubiri sheria. Alisema nyumbani kwake hata mende anaua mkewe. Watu watano, na wote kwenye la tisa walisema hapana.

Wa sita alikuwa mdogo wangu, daktari wa usingizi. Huyu nimemlea tangu mama alipofariki, akiwa na miaka saba, na hadi leo tunakaa nyumba moja. Nilimkuta anakagua mashine yake. Nikamsomea maswali mbiombio huku naweka tiki, maana majibu yake nayajua kuliko yeye. Kwenye la tisa alifungua mdomo. Nikamwambia asijisumbue, nikakunja fomu nikaondoka.

Siku ya nne ofisa wa jeshi akaja na barua. Alitushukuru sana: watu sita wa chumba kimoja wamejitolea, na Jumatatu waripoti mafunzoni. Matroni alinitolea macho. Mpasuaji aliniuliza kama nina akili timamu. Nilipozitazama fomu, nikaona tiki yangu kwenye la tisa, zote sita.

Kwetu mgonjwa haingii kupasuliwa kabla sijampitisha kwenye orodha: amekula, ana mzio, ana meno ya bandia. Tiki maana yake nimeuliza, basi. Jibu naandika pembeni, tena likiwa la kutia wasiwasi tu. Mkono umeshazoea hivyo. Kumbe kwa ofisa kila tiki ilikuwa ndiyo.

Nilimweleza, akacheka mpaka akavua kofia. Akanipa fomu sita mpya, nizijaze palepale ofisini kwa matroni, kwa maneno. Wale watano waliitwa, wakajibu, wakarudi kazini wakininunia. Ya mdogo wangu nilianza kuijaza mwenyewe, naye akaingia nikiwa nimefika swali la nane.

"Dada, ile ya kwanza ilikuwa sahihi."

Nikamwambia aache utani mbele ya mgeni.

"Sitanii. Ulikunja fomu kabla sijajibu."

Mimi niliyechimba hadi saizi za viatu vya watu, huyu wa tumbo moja nami sikumpa nafasi ya neno moja. Na sikuwa na haraka yoyote siku ile. Niliogopa kusikia. Nikamuuliza kwa nini, safari hii nikitaka kujua kweli. Akasema amesoma kwamba huko watu wanashonwa wakiwa macho, kwa kukosa mtu wa kazi yake, na tangu asome hapati raha.

Matroni akaangalia dirishani. Nikaweka kalamu chini, mkono usije ukanitangulia tena.

"Uko tayari kwenda bila kusubiri sheria?"

"Ndiyo, dada."

Tukihesabu vifaa kabla ya kumshona mgonjwa, mmoja anataja na mwenzake anarudia kwa sauti, ili ijulikane amesikia. Mdogo wangu alikuwa ananitazama, anasubiri.

"Ndiyo," nikarudia. Kisha nikaandika.