Tuzo ya Usafi

Eucabeth alikuwa na tanuri la mkate nyuma ya soko la Kisii, na kuni zake zote zilitoka kwa mfanyabiashara Machogu. Zilikuwa kavu, zimepasuliwa vizuri, na lori halikuchelewa hata wakati wa mvua. Nani alizipasua, hakuna mjini aliyeuliza.

Asubuhi moja mwaka wa 1972, dereva alipoenda kunywa chai, mpakuaji mmoja alimsogelea. Alikuwa mtu mzima, mabega yamemtoka mifupa.

"Mama, naitwa Alfayo, wa Nyacheki. Ukimpata mtu wa kule, amwambie mke wangu niko hai."

"Kwani Nyacheki ni Ulaya? Si uende mwenyewe?"

Alfayo alitazama mlangoni, kisha akaeleza haraka haraka. Alikuwa ameingia kambi ya kukata kuni ya Machogu kwa kazi ya mwezi mmoja tu. Siku ya kwanza msimamizi aliwachukulia vipande, yaani vitambulisho vyao, akidai vinaandikishwa. Havikurudi. Usiku walifungiwa bandani kwa kufuli, na aliyetoroka alirudishwa akapigwa mbele ya wenzake. Mshahara haukuwapo, ila unga na maharage.

"Mtoto wangu alizaliwa nikiwa humo," alisema. "Sijui kama ni msichana au mvulana."

Dereva alirudi. Alfayo akaruka juu ya lori.

Eucabeth alivua aproni, akaenda moja kwa moja katika ofisi ya serikali aliyodhani ingesaidia. Karani alimsikiliza huku akichonga penseli.

"Mlalamikaji yuko wapi?"

"Nimekwambia amefungiwa."

"Basi akifunguliwa, aje."

Eucabeth alitoka. Jumatatu iliyofuata alilirudisha lori la Machogu na mzigo wake wote. Kuanzia hapo alinunua kuni kwa akina mama walioteremka nazo mgongoni kutoka milimani. Nyingi zilikuwa mbichi. Tanuri lilitoa moshi badala ya moto, mkate ukatoka mweupe juu na mbichi chini. Shule moja iliyokuwa mteja wake ilihamia kwa mwokaji mwingine, aliyechoma kuni za Machogu.

Rafiki yake Persis, mwenye hoteli karibu na stendi, ndiye aliyelipeleka jambo hilo katika chama cha wafanyabiashara. Alipendekeza watoe tuzo kwa biashara iliyokataa kufaidika na watu wanaoshikiliwa kwa nguvu. Machogu, naye mwanachama, hakuwapo siku hiyo. Mwenyekiti, mzee Ratemo muuza vitambaa, aliinua mkono wa kukubali, na wote wakafuata. Eucabeth aliposikia, alifurahi mno. Sasa jambo litasemwa hadharani, alifikiri, na likisemwa hadharani, mtu atakwenda kuifungua ile kambi.

Siku ya tuzo ukumbi ulijaa. Machogu alikuwa ameketi mstari wa mbele, miguu ameinyoosha. Soda zote zilikuwa zawadi yake.

Ratemo alisimama, akakohoa. "Chama kinamtunuku Mama Eucabeth," alisoma, "kwa usafi wa tanuri lake."

Watu walipiga makofi. Eucabeth alipanda jukwaani, lakini hakunyoosha mkono.

"Omogaka," alimwambia mzee kwa heshima na sauti ya chini, "hiyo siyo sababu mliyokubaliana."

"Pokea tu, mama. Watu wanajua."

"Wanajua nini?"

Eucabeth aliwageukia watu. "Sikuletwa hapa na ufagio! Niliacha kuni za mtu huyu kwa sababu zinapasuliwa na watu aliowafungia kama ng'ombe. Yuko hapo mbele. Muulizeni vipande vyao viko wapi!"

Ratemo aliipungia mkono kwaya iliyosimama pembeni. Wimbo ulianza kwa nguvu. Eucabeth aliendelea kusema mpaka koo likakauka, lakini waliosikia ni wa mistari ya mbele tu. Machogu alipiga makofi kwa kufuata wimbo.

Hata hivyo maneno yalisambaa. Baada ya siku chache Alfayo na wenzake wachache walishushwa stendi, bila vipande, bila mshahara. Persis aliwapa uji, kisha akamwita Eucabeth.

"Na wengine?" Eucabeth aliuliza.

"Wamehamishwa na lori," Alfayo alisema. "Sijui wamepelekwa wapi, Mama."

Katika mkutano uliofuata wa chama, Ratemo alimshukuru Machogu kwa moyo wake wa huruma, maana amewaruhusu wafanyakazi wake kurudi kwao. Makofi yalikuwa makubwa kuliko yale ya ukumbini. Eucabeth aliinuka, akatoka bila kuaga. Persis alimfuata.

Wawili hao walikodi pikapu, wakaenda kutafuta kuni Nyacheki, ambako Alfayo, akiwa amembeba binti yake, aliwaonyesha mashamba yenye miti ya miwati iliyokomaa. Mkulima wa kwanza alikuwa mzee mchangamfu, na bei yake ilikuwa nzuri.

"Nani atazikata?" Eucabeth aliuliza.

"Mimi na wanangu."

"Waite niwaone."

Mzee alikunja uso. "Mama, umekuja kununua kuni au kunichunguza?"

"Vyote viwili," alisema Eucabeth, na hakutabasamu. "Waite."

Mzee alinung'unika, akasema katika maisha yake hajawahi kudharauliwa hivyo. Kisha akageukia bondeni, akawaita.