Maji ya Ziwa kwa Samaki wa Bahari

Josephat alikuwa fundi wa vioo na aluminiamu pale Buzuruga, Mwanza, na tangi la samaki la sebuleni kwake alilikata na kuligundisha kwa mikono yake mwenyewe. Sababu ilikuwa mkewe. Walipokwenda Dar, Amondi alisimama mbele ya samaki wa bahari walioogelea kwenye tangi la mgahawa mmoja mpaka chipsi zake zikapoa. Josephat hakuwa mtu wa maneno laini. Aliapa tu moyoni kwamba bahari itapanda mpaka Ilemela, juu ya mawe, iingie sebuleni kwao.

Na ilipanda. Chumvi maalumu na mawe ya bahari vilikuja kwa basi. Alichanganya, akapima, akaacha maji yakomae wiki nyingi bila samaki hata mmoja, majirani wakimcheka kwamba anafuga mawe. Mwishowe wakaingia samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, pamoja na tumbawe laini lililopunga vidole vyake kama mtu anayeita.

Kisha baba mkwe akaja.

Mzee Okumu, mvuvi wa Rorya, hakuwahi kukanyaga nyumba ile. Siku ya mahari bwana harusi alipaswa kukaa kimya, mshenga aseme. Josephat hakukaa kimya. Alisimama akamjibu mzee mbele ya ndugu zake, na mzee akaondoka na hasira yake. Sasa macho yalikuwa yanamsumbua, kliniki iko Mwanza, na Amondi alikuwa amembembeleza kwenye simu mpaka akakubali.

"Jose, nakuomba," Amondi alimwambia mumewe jikoni. "Akikuudhi, meza. Akiondoka tena kwa hasira harudi. Namjua baba yangu."

"Nitameza."

"Wewe? Hujawahi kumeza hata panadol."

Mzee aliingia, akaamkiwa shikamoo, akaitikia kwa mkato, kisha akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.

"Hawa wanaliwa?"

"Hapana, baba. Ni wa kuangalia."

"Mimi samaki namwangalia akiwa pembeni ya ugali."

Lakini alivuta kiti, akakaa papo hapo mpaka chakula kikaiva.

Siku iliyofuata umeme ulikatika mchana, mzee akiwa peke yake. Pampu iliyotia hewa majini ikanyamaza. Baada ya muda samaki wakapanda juu, midomo wazi. Hilo alilijua vizuri. Maisha yake yote alikuwa akitunza furu hai kwenye ndoo, visamaki vya chambo cha sangara, na chambo kikianza kuhema unamwaga maji yaliyochoka, unatia mapya ya ziwani. Ya bomba hapana, yana dawa. Akachukua ndoo, akateremka ziwani. Akapanda nayo kwenye mawe, akateremka tena.

Josephat na Amondi walipoingia, sakafu ilikuwa imelowa na mzee yuko chini, anahema.

"Nimewawahi!" alisema, uso ukimwaka. "Walikuwa wanakufa hawa. Nimewabadilishia maji."

Josephat alichovya kidole, akakilamba. Chumvi ilikuwa kama ya mchuzi wa mgonjwa. Damu ikampanda kichwani. Kazi yote ile! Akafungua mdomo. Amondi alikuwa amesimama mlangoni, hata viatu hajavua.

Ndipo Josephat akaiona miguu ya mzee. Matope mpaka magotini, goti moja limevimba. Mtu asiyeona vizuri alikuwa amebeba ndoo kwenye mawe yale, kwa ajili ya samaki wasioliwa.

Akafunga mdomo. Alipoufungua tena, sauti ilitoka chini.

"Asante, baba. Ila hawa wamezoea chumvi. Maji ya ziwa yanawaumiza."

Mzee aligeukia tangi. "Nimewaua?"

"Bado. Njoo unisaidie."

Josephat alikoroga chumvi kwenye ndoo, akapima. Mzee ndiye aliyemimina, kikombe kimoja kimoja, akikinga maji kwa kiganja yasiwapige samaki. Leo kidogo, kesho kidogo. Samaki walipona. Tumbawe lilijikunja, likalegea, mwishowe likawa uji.

Asubuhi walipolitoa, mzee alionekana mlangoni na begi lake.

"Baba, kliniki bado!" Amondi alisema.

"Nimemharibia mwenzio kitu chake. Angenifokea, ningemfokea, yakaisha. Hakufoka. Sasa nitakaaje hapa?"

Josephat alikuna kichwa. "Baba, nilitaka kukufokea. Mdomo nilishaufungua."

"Niliuona. Macho hayajafa kiasi hicho. Nikasema, haya, mahari imeanza upya."

Amondi alicheka huku machozi yakimtoka. Josephat akalishika begi, kwa upole, kwa upande wa pili wa mkanda.

"Tumbawe nitaagiza jingine, baba. Mkwe siwezi kuagiza mwingine."

Mzee alilishikilia begi kidogo, kisha vidole vyake vikalegea, uzito wote ukabaki mkononi mwa Josephat.

"Na chai ya nyumba hii," alisema akirudi ndani, "ni ya kuangalia pia?"