Kitabu Kilichozidi Uzito Getini

Usiku wa jana niliota nimesimama katikati ya duka langu la vitabu, hapa Moshi mjini, na vitabu vyote vinatoka jasho.

Kutoka jasho si ajabu, maana vyote navifunga nailoni. Nauza vitabu vya milima: vya njia za kupanda, vya kupiga hema, vya maua ya huko juu kwenye baridi, vya watu walioteleza wakapona. Wateja wangu ni wapenda milima, na wapenda milima wana vidole vichafu, Mungu awabariki. Kwa hiyo nailoni. Mimi mwenyewe mlima naupandia kwenye kurasa, nimevaa kandambili zangu, na sijateleza hata mara moja.

"Ndeshi," kikaniita kitabu kinene cha kupiga hema, "sisi tunatoka."

"Mnatoka kwenda wapi?"

"Juu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Jaladani nina picha ya hema tangu nizaliwe," kikasema, "na hema lenyewe sijawahi kuliona. Wewe ungejisikiaje?"

Kabla sijakijibu inavyostahili, mlango ukafunguka, ikaingia chupa ya chai. Nyekundu, ina maua meupe, na mfuniko umekaa upande kidogo. Nikaijua papo hapo. Ni chupa ya wifi Anasia.

Sasa niseme wazi: mimi na wifi Anasia hatuongei. Ni dada wa mume wangu, na ndiye aliyeanzisha kikundi chetu cha wasomaji wapanda milima. Kila Jumamosi wao hupanda, mimi huwaazima vitabu. Basi wiki ya Pasaka akaazima kitabu ninachokipenda kuliko vyote dukani, *Miguu Mibovu, Kilele Kizuri*. Nikamwambia, wifi, hiki kisivuke kizingiti cha nyumba yako. Akakipeleka mlimani! Kikanyeshewa. Kikarudi kimevimba kama andazi, akamwachia mume wangu mlangoni, akashika njia. Hata pole hakuna. Kwa hasira sikukifungua. Nikakivika nailoni, nikakizungushia selotepu, nikakigeuza uso ukutani, na Anasia naye nikamgeuzia uso.

Kwetu Uchagani, ukimkosea mtu unamletea jani la isale lililofungwa fundo. Likishafika, uliyemkosea hana ujanja, lazima asamehe hata kama bado ana hasira za kutafuna misumari. Mimi nilikuwa nangoja isale langu. Pasaka ikapita, mahindi yakavunwa, isale hakuna.

"Mimi ndiye kiongozi wa msafara," ikasema chupa ya chai.

"Si uko kwenye boksi wewe? Anasia anahama."

"Nimetoroka. Anahamia Dodoma Jumatatu, kwa mwanae. Unajua?"

"Najua." Mume wangu amenieleza wiki nzima, tena huku akinitazama usoni.

"Na kesho Jumamosi ndiyo safari yake ya mwisho na kikundi. Unajua?"

"Najua."

"Na mtu akishafika Dodoma..."

"Nimesema najua! Usinichemkie."

Chupa ikatoa mvuke kidogo. Nami nikageuka kupanga rafu, kwa sababu mtu huwezi kulia mbele ya chombo cha jikoni.

Napiga hatua kuelekea kaunta. Kaunta ni geti la mlimani. Nina kata kichwani na juu ya kata wamepanga vitabu vyote vya duka, na kile cha Anasia kimekaa juu kabisa na selotepu yake. Sijui nani kanitwisha. Siulizi, maana foleni inasogea.

Getini kuna mizani ya kupimia mizigo ya wapagazi. Mizani imevaa kitenge.

"Weka kimoja kimoja, mama," inasema mizani. "Sina haraka, nina mshale mmoja tu."

Naweka kitabu cha maua. Kinapita. Naweka kile cha kupiga hema, kinavuta tumbo ndani, kinapita. Naweka kile cha Anasia. Mizani inaguna.

"Hiki kimezidi."

"Ni kwa sababu kililowa," nasema. "Uliza aliyekilowesha."

"Mvua imeshakauka zamani. Humu ndani kuna mzigo mwingine. Kifungue."

"Sifungui."

"Kwa nini?"

"Sifungui mpaka mkosaji aje na isale."

Vitabu vyote vikaangua kicheko ndani ya nailoni zao, pwaa, pwaa, pwaa. Sikuona cha kuchekesha hata kidogo. Mizani ikanitazama kwa ule mshale wake.

"Basi utakibeba hivyo hivyo," ikasema. "Uzito wako, shingo yako."

Na kweli, kiliporudi kichwani kilikuwa kizito kama gunia la mahindi mabichi.

Tukaanza kupanda. Mlima wenyewe ulikuwa rafu za duka langu, ila ndefu, zina ukungu na migomba pembeni. Hatujaenda mbali nikasikia filimbi. Kinyonga mwenye kofia ya mgambo akatoka kwenye rafu ya kamusi, mguu mmoja hewani.

"Mwendo gani huo?" akauliza.

"Polepole," nikasema, maana hilo kila mtu wa Moshi analijua.

"Miguu ni polepole. Sikatai. Lakini kichwani unakimbia."

"Kichwani?"

"Tangu getini umemsema wifi yako kuanzia Pasaka hadi leo, ukarudi, ukaanza upya. Huo ni mwendo kasi. Utapata ugonjwa wa mlima."

"Afande, mimi nimekosewa!"

"Wote wanaopita hapa wamekosewa," akasema kinyonga. "Punguza."

Nikapunguza. Nikawa nawaza neno moja, napumzika, nawaza jingine. Niliwaza "andazi". Baadaye sana nikawaza "lakini". Kinyonga akaridhika, akaniruhusu nipite. Ule mguu wake alikuwa bado hajautua.

Ghafla ni usiku na tuko kambini, na kambi ni jiko la marehemu mama mkwe. Kitabu cha kupiga hema kimeliona hema kwa mara ya kwanza, kinalia.

"Ni dogo," kinasema. "Kwenye picha ni kubwa."

"Kanuni inasema panda juu, lala chini," inatangaza chupa ya chai. "Kila mtu apande juu ya kabati, kisha alale chini ya kabati."

Tunapanda, tunashuka, tunalala. Chini ya kabati kuna vumbi na kijiko nilichomlaumu Anasia kwa kukipoteza mwaka wa harusi yangu. Kijiko kinanisalimia kwa heshima, shikamoo mama. Nakijibu marahaba kwa sauti ndogo, nageukia upande wa pili.

Nikafumba macho, nikafumbua, tuko kileleni.

Palikuwa na barafu, jua, na kibao kisichoandikwa kitu. Mlima wenyewe, Kibo, ulikuwa umekaa umejifunga kilemba cha wingu. Mawenzi, kilele jirani, alikuwa ng'ambo, yule ambaye hadithi zetu zasema alipigwa mchi na Kibo kwa kuombaomba moto, anajifanya hasikilizi.

"Karibu," ukasema Mlima. Sauti yake ilitokea kwenye magoti yangu. "Umeniletea kitabu?"

"Nimeleta duka zima."

"Naona nailoni tu. Kila siku wananipandia watu, wananipiga picha, wanashuka. Aliyewahi kunisomea ni mmoja, mama mwenye chupa nyekundu. Alikaa pale kwenye jiwe na wenzake, akanisomea *Miguu Mibovu, Kilele Kizuri*. Tulifika pale yule mzee anapoomba msamaha kwa punda."

Najua hapo. Ndipo ninapopapenda kuliko pote. Punda anakataa msamaha mpaka mzee abebe mzigo yeye.

"Nilicheka," ukasema Mlima. "Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Yakawamwagikia wote."

Nikasimama wima, vitabu vikayumba kichwani.

"Yaani ile mvua ni wewe?"

"Mimi nikicheka ndivyo ninavyokuwa."

"Umeniharibia kitabu! Umenigombanisha na wifi yangu miezi yote hii, kumbe ni kicheko chako!"

"Pole," ukasema Mlima.

"Pole haitoshi. Mimi ni Mchaga. Nataka isale."

Mawenzi akakohoa. Chupa ya chai ikatazama chini. Mlima ukasema kwa upole kabisa, kana kwamba unaongea na mtoto aliyeficha viatu akasahau alikovificha.

"Ndeshi mama, isale linaota miguuni kwangu. Lote ni langu. Mwenzako alipokuwa akishuka, amelowa, anatetemeka, anasema wifi ataniua, nilimpa moja. Akalifunga fundo mwenyewe. Mimi nilishatoa, naye alishaleta."

"Hakuleta! Ningeliona!"

"Kwa macho gani, na selotepu yote hiyo?"

Nikakiteremsha kitabu. Nikatafuta mwanzo wa selotepu kwa kucha, ukapotea, nikaupata, nikavuta. Ikatoa sauti kubwa, kraaa, na Mlima ukaanza kutikisika, nikaelewa kwamba unajizuia usicheke tena.

"Wakati wa kushuka, msiondoke na kitu cha mlimani," akapiga kelele kinyonga, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika. "Hata pumzi mlizovuta, rudisheni!"

Nikatoa pumzi zote.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka, na mume wangu anakoroma kwa amani kama kawaida. Mimi si mtu wa kuamini ndoto. Nikamwambia Mungu siamini, nikavaa kanga, nikashika funguo, nikateremka ngazi hadi dukani.

Kitabu kilikuwa palepale, uso ukutani. Nikakigeuza. Nikakata selotepu, nikavua nailoni, na harufu ya mvua ikatoka, ile ya msitu. Kurasa zilikuwa zimeshikana. Nikazibandua mpaka kwa yule mzee na punda wake.

Lilikuwa hapo. Jani la isale, fundo limekaza katikati. Bichi, jamani. Tangu Pasaka, ndani ya nailoni, gizani, bado bichi, na kwenye ncha yake limening'inia tone la maji. Likanidondokea kidole. Lilikuwa la baridi, baridi ya huko juu.

Nikakaa kwenye kigoda nikalia vizuri, kwani hapakuwa na chombo cha jikoni. Kisha nikapiga simu.

"Wifi," nikasema.

Nyuma yake nasikia watu wa kikundi wanapakia mizigo.

"Wifi, isale nimeliona."

"Leo?"

"Leo hii."

"Ndeshi! Nililiweka tangu Pasaka! Nimekaa nangoja, nasema huyu mwanamke ana moyo gani, anakataa hadi isale! Nimefunga maboksi nalia!"

"Si ungesema limo kitabuni!"

"Nikuambie? Wewe mwuza vitabu, nitawazaje kwamba hutafungua kitabu?"

Nikacheka, naye akacheka, tukacheka mpaka mume wangu akaita kutoka juu kuuliza nani amekufa.

"Nimesamehe," nikasema nilipopata sauti. "Na wewe unisamehe. Hata kile kijiko nakuomba radhi, najua kilipo."

"Kijiko gani?"

"Nitakueleza njiani. Ningojeni, nakuja."

"Unakuja wapi? Mlimani? Wewe?" Nikasikia akiziba simu akiwatangazia wenzake, na wenzake wakipiga vigelegele vya kejeli. Akarudi. "Haya, fanya upesi. Vaa viatu, si hizo kandambili. Na uje na koti, kuna wingu."

"Nitaleta na kitabu. Hamkumaliza pale kwa punda."

"Wewe umejuaje tuliishia kwa punda?"

"Wifi," nikasema, "mvua ikianza tu, msikimbie. Tuendelee kusoma."