Mkebe wa Chai ya Cuizhen

Nilikuwa nimeahidi kutopiga kelele kwa siku mbili. Ahadi hiyo nilimpa binti yangu Qinglan baada ya kunizibia mlango wa jikoni nisipite.

"Baba, nakujua," alisema. "Mdomo wako una moto kuliko sufuria yako ya kukaangia chai. Mama yake Nasun anakuja kutuangalia. Akituona tunafaa, Nasun atabaki hapa. Akisema hapana, Nasun anarudi naye kaskazini, na mimi namfuata."

"Unamfuata wapi? Kule kwenye nyika na upepo?"

"Kule kule."

"Utakula nini?"

"Umeona? Umeshaanza kelele."

Basi nikanyamaza. Qinglan ni mtoto wangu wa pekee. Mama yake, Cuizhen, alifariki miaka sita iliyopita, na nyumba yetu iko juu huku kwenye vilima vya chai, nyuma ya Ziwa la Magharibi, ambako jioni zikikosa mtu wa kuzungumza naye huwa ndefu sana. Kijana Nasun, mchumba wake, nampenda, sitadanganya. Ana viganja vipana na anajifunza kukaanga majani ya chai kwa mkono mtupu kwenye sufuria ya moto bila kulia anapoungua. Kasoro yake ni moja tu, kwao ni mbali kupita kiasi, Mongolia ya Ndani, mwendo wa treni wa siku mbili. Na mama yake mjane alikuwa bado hajatoa neno lake.

Akachagua kuja wiki moja kabla ya siku ya kufagia makaburi, yaani wakati ule ambao mkulima wa chai hana nafasi hata ya kujikuna. Nikawaachia wachumaji shamba, nikavaa koti langu zuri, nikaenda stesheni kumpokea.

Mama yake Nasun, jina lake Odon, alikuwa mfupi, mpana, mashavu mekundu kwa upepo wa kwao. Alivaa kanzu ndefu ya buluu yenye mshipi na buti za ngozi, na mkononi alibeba mfuko uliotoa harufu ya maziwa yaliyoganda. Kichina alikijua cha kutosha kuuzia kondoo, na kwa jicho hilohilo la mnadani akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndiye Baba Qinglan," alisema. "Mwembamba."

"Karibu, Mama Nasun," nikamjibu, na Qinglan akanifinya mkono kwa shukrani.

Tukampeleka ziwani. Mwenye mashua alikuwa Huilan, mwanamke ambaye nimemjua tangu tukiwa watoto na ambaye hajawahi kumwonea mgeni haya.

"Mama, legea kidogo!" alimwambia Mama Odon, aliyekuwa amekaa wima, magoti ameyabana. "Hii ni mashua, si farasi."

"Farasi ana akili," Mama Odon akamjibu. "Chombo hiki kinakusikiliza wewe peke yako."

Huilan alicheka hadi kasia likamponyoka. Mimi nilikuwa nasubiri mgeni aseme neno juu ya ziwa. Mierebi ilikuwa imechipua, mipichi imechanua kandokando ya maji, na milima imejipanga nyuma yake mmoja baada ya mwingine. Watu husafiri nchi nzima kuja kuona hivyo vitu, wakaguna tu kwa kukosa la kusema. Mama Odon alitazama kwa muda mrefu.

"Kondoo wangapi wanakunywa hapa?"

"Hakuna kondoo."

"Ziwa lote hili?" Akasikitika kwa dhati, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Nikauma meno.

Tulipofika kwenye Daraja Lililovunjika aliuliza limevunjika wapi. Nikamwambia halijavunjika. Akauliza kwa nini basi tunalisingizia, na jibu la swali hilo sijalipata tangu nizaliwe. Kwenye mnara ulio juu ya kilima, alipoona ngazi za umeme zinazopandisha watu, alisimama chini akaziangalia zikipanda, kisha akapanda zile za mawe kwa miguu yake, buti zikigonga, na kutusubiri juu. Nilifika nikihema. Akasema tena, "Mwembamba."

Mchana tukamwagizia samaki wa siki. Sisi wenyeji hatumli samaki huyo, ni wa wageni, lakini heshima ni heshima. Mama Odon akala kipande kimoja, akaweka vijiti chini taratibu.

"Samaki huyu," aliuliza, "aliwakosea nini?"

Nilikaribia kucheka. Lakini nilimwona Nasun ameinamisha kichwa na Qinglan amekuwa mweupe mdomoni, nikakumbuka kwamba hayo siyo mazungumzo ya kupitisha muda. Mwanamke huyu alikuwa anaamua binti yangu ataishi wapi, na mpaka wakati huo hakuna tulichomwonyesha kilichompendeza.

Ndipo nikaamua kutoa mkebe.

Kando ya mlango wetu kuna michai tisa ambayo Cuizhen aliipanda mwaka tuliooana. Kila majira ya kuchipua naichuma mwenyewe na kuikaanga kwa kiganja changu, na yote inatoa mkebe mmoja; wa mwaka huu nilikuwa nimeujaza siku chache tu kabla. Mkebe huo hauuzwi, na haonjeshwi mtu. Tangu Cuizhen afariki nimekuwa nikiunywa kwa majani ya kuhesabu, na kila vuli unanikuta umebaki nusu, umechacha, hauna harufu. Hapo huumwaga nyuma ya nyumba nikiwa nimegeuza uso. Cuizhen angenitukana. Alikuwa akisema chai mpya si dhahabu ya kufukia ardhini.

Jioni ile nikamtilia Mama Odon majani katika glasi, nikamimina maji. Majani yakasimama wima majini, ya kijani kibichi, yanapendeza. Aliyatazama kama mtu aliyeletewa mboga ambayo mpishi amesahau kuipika. Nikamwambia, "Hii ni chai bora kuliko zote nilizo nazo." Akanywa mpaka mwisho. Nikamjazia. Akanywa yote, nikamjazia tena, kwa sababu mwenyeji anayeacha glasi ya mgeni ikauke hana adabu. Glasi kumi na moja! Nililala nikiwa na furaha, nikijua nimempata.

Asubuhi, jua linachomoza, niliamshwa na harufu ya maziwa.

Nilishuka jikoni. Sufuria kubwa kuliko zote ilikuwa juu ya jiko la gesi, ndani yake kinatokota kitu kizito, rangi ya udongo. Pembeni kulikuwa na maboksi ya maziwa ambayo Nasun alinunua jana yake, bonge la siagi, na chumvi. Na juu ya meza ulikuwa mkebe wa Cuizhen, mfuniko uko mbali nao. Nikautikisa. Nikaugeuza. Lilidondoka jani moja.

Damu ilinipanda kichwani. Qinglan alikuwa ameshatokea kwenye ngazi, mswaki mdomoni.

"Baba," alisema, "siku mbili."

"Kwangu siku mbili zimekwisha!"

Nikatoka nje kwa kishindo, mdomo umeshafunguka, maneno yamejipanga, na yalikuwa mabaya.

Mama Odon alikuwa amesimama mlangoni ameelekea jua, amevaa kanzu yake ya buluu na kufunga mshipi vizuri, mkono mmoja ameshika bakuli la chai, mwingine upawa. Aliinua upawa akarusha chai juu angani. Akachota tena kwenye bakuli, akarusha mbele yake. Kisha akageukia kando ya mlango na kuinyunyizia michai tisa, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka hata mmoja, huku midomo ikimchezacheza. Nasun alikuwa nyuma yake, ameinama.

"Anafanya nini?" nilimwuliza Nasun. Sauti ilitoka ndogo.

"Chai ya kwanza ya sufuria si ya sisi tuliopo, Baba," alinong'ona. "Ni ya mbingu na ardhi, na ya waliotangulia. Sisi tunafuata."

Niligeuka kuitazama michai. Matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye majani machanga. Kila mwaka nilikuwa nikimpelekea Cuizhen kaburini pombe ya mchele na machungwa, vitu ambavyo hata hakuvipenda sana. Chai yake mwenyewe, aliyoipanda kwa mikono yake, nilimnyima. Niliifungia kwenye mkebe mpaka ikaoza, nikaona huko ndiko kumpenda. Nilisikia uchungu na haya kwa pamoja, na machozi yakanitoka mbele ya mgeni.

Mama Odon aligeuka akaniona. "Moshi," nikamwambia. Hakukuwa na moshi. Akanishika mkono, akaniketisha mezani, akanipa bakuli.

Ilikuwa na chumvi. Ilikuwa na siagi juu. Nilinywa yote kwa heshima, akajaza. Nikamaliza, akajaza. Kwenye bakuli la tano tumbo langu lilikuwa ngoma, na Nasun alikuwa anajizuia kucheka mpaka anatetemeka.

"Baba, funika bakuli kwa kiganja," alisema hatimaye. "Kwetu asiyefunika anaongezwa."

"Na kwetu asiyebakiza chini ya glasi anaongezwa," akasema Qinglan polepole, akamtazama Mama Odon.

Mama Odon akaniangalia kwa macho makubwa. "Kumbe! Glasi kumi na moja! Nilidhani unataka kunizamisha. Sikufumba jicho! Nikaona kwa kuwa silali, bora niamke niwapikie chai ya nyumba hii. Ulisema ndiyo bora. Ila haina nguvu, ikabidi nitie yote."

Hapo nikaangua kicheko. Nilicheka nikashika meza, siagi ikanipalia, Nasun akanipiga mgongo. Ni mimi niliyemfanya mgeni akeshe, na mgeni aliyekesha akaumaliza mkebe. Mama Odon naye alicheka, kicheko cha kuita farasi walio mbali, ingawa bado hakujua lote.

Qinglan akamwambia. Alimwambia michai ni ya nani na mkebe ulikuwa wa nini. Mama Odon akaacha kucheka. Akaweka upawa chini.

"Mbona hukunipigia kelele?"

"Alikuwa njiani," akasema Qinglan.

"Mama Nasun," nilimwambia, "kazi uliyoifanya asubuhi hii imenishinda miaka sita. Huo mkebe ulikuwa unangoja wa kuumaliza."

Aliuchukua upawa tena. Kisha akachota bakuli lililojaa pomoni, akaliweka mezani mahali pasipo na mtu, karibu nami.

"Anaitwa nani?"

"Cuizhen."

"Nasun atabaki," alisema. "Kuna mzee mwembamba hapa asiyejua kupika chai, hawezi kuachwa peke yake. Lakini harusi mtakuja kuifanyia kwetu pia, na wewe utapanda farasi."

Qinglan alipiga ukelele na kumrukia shingoni, bakuli nusura lipinduke. Mimi nililiokoa.

Nikalibeba bakuli hilo kwa mikono miwili mpaka kaburini, juu ya kilima, katikati ya mistari ya chai, hao watatu nyuma yangu, Mama Odon akilaumu mlima usio na farasi wa kukodi. Nikalimwaga lote, mpaka tone la mwisho. Kisha, kwa kuwa Mama Odon alikuwa ameshatoa neno lake na hakuna tena aliyenizuia, nikavuta pumzi, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Cuizhen! Binti yetu anaolewa!"

Wachumaji wa kilima kizima wakainua vichwa vyao kutoka kwenye chai.