Jumamosi za Vutapumzi

Hospitalini walimwita Vutapumzi, na jina lenyewe alijitakia. Kutwa yuko nyuma ya kioo cha chumba cha eksirei akiwaambia wagonjwa: "Vuta pumzi. Zuia. Haya, pumua." Miaka kumi na tisa, maneno hayo hayo. Wauguzi walimtania kwamba siku akienda kuposa, atamwambia mchumba vivyo hivyo. Alicheka nao. Hakuposa.

Tangu wazazi wao wafariki aliishi na dada yake mkubwa, wawili tu, kila mmoja na upande wake wa meza. Kisha dada, akiwa na miaka hamsini na miwili, akapata mume. Watu wakabaki midomo wazi. Akafunga mizigo kuelekea mbali kwa mumewe, akamwachia mdogo wake nyumba, sufuria zote isipokuwa moja, na kamera.

"Toka nje, mdogo wangu," alimwambia mlangoni. "Usije ukashika kutu humu."

Basi kila Jumamosi akawa anapanda basi la asubuhi hadi mji wa jirani, mwendo wa nusu saa, kamera shingoni. Alitembea kando ya mto mpaka daraja la zamani, akipiga picha madirisha yaliyofungwa, ngazi, vivuli vya nguzo, viti vya zege visivyokaliwa na mtu. Jioni alimtumia dada. Mwanzoni dada alijibu papo hapo, halafu akawa anajibu kesho yake, halafu kidole gumba tu. Siku moja akapiga simu.

"Nzuri, nzuri sana. Lakini mbona hazina watu?"

"Watu nawaona kazini, dada. Tena mpaka ndani."

"Na huyu mwenye mwavuli je? Hujamwona?"

Hakuwa amemwona. Alizikuza picha kwenye kompyuta, akasogeza kiti karibu. Katika picha tatu, za Jumamosi tatu tofauti, mwanamke yuleyule alikuwa kwa mbali, amempa mgongo, mwavuli wa kijani umefungwa mkononi. Mara darajani, mara ngazini, mara kwenye kiti. Hana mwenzake.

Wiki hiyo ilijikokota. Vutapumzi alijikuta akifanya mazoezi ya salamu mbele ya kioo cha kunyolea. Jumamosi akavaa shati lililopigwa pasi, na mnamo saa tano akamkuta darajani, mwanamke wa makamo, viatu vya raba, macho mtoni. Salamu zote zikamyeyuka.

"Samahani, dada. Nina picha zako."

Mwanamke akarudi hatua mbili. "Kumbe ni wewe. Nimekuona mwezi wa pili sasa. Unanifuata?"

"Hapana! Sikujua hata kama upo."

Alitamani aumeze ulimi. Akaomba radhi, akaeleza habari ya dada na madirisha, mwishowe akaivua kamera shingoni na kumpa aone mwenyewe. Mwanamke aliziangalia moja moja.

"Sikujua natembea hivi," akasema. "Kama mtu aliyesahau anakokwenda."

"Mimi niliona mtu asiye na haraka."

Akacheka kidogo, kicheko ambacho hakikuwa kimetumika siku nyingi. "Futa hizi mbili. Hii ya darajani isafishe, umwachie fundi viatu pale kona. Nitaipitia."

Akafuta mbele yake. Namba ya simu mwanamke hakutoa, naye hakuthubutu kuomba. Alipoisafisha ile picha, aliandika namba yake mwenyewe nyuma, akaona huo ni utovu wa adabu, akasafisha nyingine isiyo na namba. Hiyo ndiyo aliyoiacha kwa fundi viatu Jumamosi iliyofuata.

Wiki moja baadaye Vutapumzi alirudi kwa fundi.

"Alikuja Jumatano," fundi akamwambia bila kuacha kushona. "Aliitazama mpaka mimi nikaona haya. Kasema nikwambie asante."

"Hakusema lingine?"

"Kasema anahama. Ijumaa alikuwa anaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Sikumuuliza, ndugu yangu. Ningejuaje kama ungetaka kujua?"

Vutapumzi akabaki amesimama. Fundi akamtazama usoni, kisha miguuni.

"Hebu kaa. Kisigino cha kushoto kimelika chote, utaanguka bure."

Akaketi kwenye kigoda, mguu mmoja mtupu juu ya gazeti, akitazama watu wakivuka daraja. Walikuwa wengi kuliko alivyodhani. Kamera ilikuwa mapajani; hakuigusa.

"Wiki ijayo lete na cha kulia," fundi alisema akimrudishia kiatu. "Nacho si kizima."

Akaahidi kukileta. Basi la kurudi lilikuwa nusu tupu. Akakaa dirishani, na kwenye kiti cha pembeni, ambacho hakuna aliyekihitaji, akaiweka kamera.